Rada tunazo, ndege tunazo: mkaguzi wetu ana nguvu gani?

Siku moja nilikuwa nafundisha kidato cha tatu, hapa Moshi, mada ya hisba, yaani usimamizi wa soko na maslahi ya watu katika dola ya Kiislamu. Nilikuwa nimefika kwenye kazi za muhtasibu: kukagua mizani, kuangalia maziwa yasitiwe maji, kumchunga mwoka mikate asipunguze uzito. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, mtoto wa Machame ambaye baba yake ni mpagazi wa mlimani, wale ambao huku kwetu tunawaita wagumu, akanyoosha mkono. "Ustadh," akasema, "baba anasema wageni wa Ulaya siku hizi wanauliza sana kuhusu ndege zetu kabla hawajaja. Kwani ndege nazo zina muhtasibu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri kuliko somo lenyewe. Nilimwahidi jibu wiki iliyofuata, na katika kulitafuta jibu hilo nikaona si la darasa la watoto 40 tu. Ni letu sote tunaopanda ndege, tunaowasindikiza wazee wetu kwenda Hijja na umra, na sisi wa mikoa hii ambao tusipopanda sisi, riziki zetu zinapanda.

Jibu fupi ni ndiyo. Muhtasibu wa anga katika nchi yetu anaitwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Na wala jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu. Imam al-Mawardi, kadhi mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), katika kitabu chake cha hukumu za utawala ameandika kuwa ni katika kazi za muhtasibu kuwazuia wenye vyombo vya majini wasipakie kuliko uwezo wa chombo, na kuwazuia wasisafiri wakati upepo umechafuka.

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Al-Mawardi hakusema nahodha aachiwe na tawakkul yake. Hakusema mwenye jahazi ndiye anayeijua mali yake. Alitaka awepo mtu wa tatu, asiye na fungu katika nauli, mwenye mamlaka ya kusimama gatini na kusema: leo hamuondoki. Sisi Watanzania tunajua gharama ya kumkosa mtu huyo, au ya kuwa naye akatazama pembeni. Mv Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, Mv Nyerere mwaka 2018: kote humo ilitajwa habari ya kujaza watu kupita kiasi. Muhtasibu wa gatini alikuwa wapi?

Sasa tumtafute yule wa angani.

Ukiitazama ndege yoyote iliyosajiliwa Tanzania, kubwa au ndogo, utaona ubavuni au karibu na mkia herufi zinazoanza na 5H. Watu wengi wanadhani ni namba tu kama ya gari. Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, alama ile ni ushahidi. Nchi inaiambia dunia nzima: ndege hii tumeikagua sisi, rubani wake tumempa leseni sisi, fundi wake tunamjua. Nchi nyingine zinaiachia itue kwao si kwa kuwa wameifungua injini, bali kwa kuwa wameuamini ushahidi wa nchi iliyoiandikisha. Mfumo mzima wa usafiri wa anga duniani umesimama juu ya kuaminiana huko, na shahidi akitiliwa shaka, ushahidi wake wote unatiliwa shaka. Tulikumbuke hili, maana ndilo litakaloelezea yaliyotukuta mwaka 2025.

Lakini kwanza tuseme tuliyonayo, kwani si uadilifu kutaja kasoro na kufunika mema.

Sisi wa Moshi tumepewa neema ambayo mikoa mingi haina. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliopo kwenye tambarare za Hai katikati yetu na Arusha, ulifunguliwa mwaka 1971 ukiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600. Urefu huo unatosha ndege kubwa za masafa marefu. Tangu zamani KLM wanatua hapo, na sasa wapo Ethiopian, Qatar Airways na wengineo, kiasi kwamba mtu wa Kibosho anaweza kwenda Makka kwa kupitia Addis Ababa au Doha bila kuiona Dar es Salaam. Mwaka 1998 uwanja ulikabidhiwa kampuni ya KADCO, baadaye serikali ikainunua kampuni yenyewe, na mwaka 2023 ukarudi mikononi mwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA). Hayo ya umiliki yalizua maneno mengi bungeni na wala sitayarudia. Abiria anachotaka ni lami nzima, taa zinazowaka na gari la zimamoto lenye maji.

Rada nazo tunazo. Hapa nina kisa ambacho wasomaji wa rika langu wanakikumbuka. Mwaka 2002 serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, huku Benki ya Dunia ikisema wazi kuwa bei ni kubwa mno na mtambo haulingani na mahitaji yetu. Yakaja ya rushwa, uchunguzi, mahakama, na hatimaye kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5, fedha ambazo zilipofika mwaka 2012 zilielekezwa kwenye elimu. Ndiyo ile "chenji ya rada", na vitabu vyake vilisambazwa mashuleni. Nchi yetu labda ndiyo pekee ambayo watoto wake wamejifunza hesabu kwa kitabu kilichotokana na rada! Lakini kwa miaka yote hiyo sehemu kubwa ya anga yetu ilibaki bila jicho. Mpaka mwaka 2017 ndipo uliposainiwa mkataba wa rada nne, kwa takriban shilingi bilioni 67, za Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, na mwaka 2019 za Dar na KIA zikazinduliwa. Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajui hali ya mwongoza ndege anayefanya kazi kwa kusikiliza redio peke yake.

Ndege pia zimenunuliwa. Shirika letu lilizaliwa mwaka 1977 baada ya kufa kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Mwaka 2002 likauziwa Waafrika Kusini asilimia 49, mwaka 2006 likarudishwa likiwa hoi, na ilipofika mwaka 2016 lilikuwa limebaki na ndege moja inayoruka. Kuanzia hapo zikaja Q400, zikaja Airbus A220, Boeing 787, ndege ya mizigo ya 767 mwaka 2023 na 737 MAX mwaka huo huo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tena nitaje jambo moja ambalo wengi wamelisahau. Desemba 2008 TCAA iliinyang'anya Air Tanzania cheti cha uendeshaji baada ya kukuta kasoro, na ndege za shirika la taifa zikakaa chini mpaka cheti kiliporudishwa mwezi uliofuata. Watu walilalamika, wengine wakasema ni aibu kwa taifa. Mimi nasema ile ilikuwa siku njema ya hisba katika nchi hii. Mkaguzi wa serikali alimwambia mfanyabiashara wa serikali: leo huondoki. Miaka kumi baadaye, Desemba 2018, zamu ikawa ya Fastjet, kampuni binafsi iliyoanza Novemba 2012 kwa safari za kutoka Dar kuja KIA na kwenda Mwanza. Hiyo naikumbuka kwa mapenzi, kwani nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na nauli yao ya kuanzia, shilingi 32,000 bila kodi, haikuwa mbali na ya basi. Ndiyo ndege ya kwanza kuipanda maishani mwangu. Mama aliponiona nimefika nyumbani kabla ya adhuhuri alidhani nimefukuzwa chuo.

Basi ikiwa rada zipo, viwanja vipo, ndege zipo na mkaguzi yupo, tatizo ni nini?

Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilitukagua, na Tanzania ikapata asilimia 86.7, kutoka asilimia 64.35 ya mwaka 2017. Tulishangilia, na haki yetu. Haukupita muda mrefu, Desemba 2024, Tume ya Ulaya ikaiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Juni 2025 ikaenda mbali zaidi, ikayaweka kwenye orodha hiyo mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Yote! Si lile lenye ndege kubwa tu, bali na vile vindege vya kupeleka watalii Serengeti na Zanzibar. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa watumishi wenye sifa, usimamizi usio na nguvu katika uendeshaji wa safari na katika ubora wa ndege zenyewe, na kutofuata viwango vya kimataifa.

Msomaji makini atauliza: imekuwaje mwanafunzi apate 86 kwa mtahini mmoja na kufelishwa na mtahini mwingine ndani ya miaka miwili? Mimi ni mwalimu, nalijua jibu la swali hili vizuri, kwani nalikuta kila muhula. ICAO inapokuja inaikagua dola katika mambo manane: sheria, muundo wa mamlaka, utoaji wa leseni, uendeshaji, ubora wa ndege, uchunguzi wa ajali, huduma za uongozaji na viwanja. Nchi iliyoandika kanuni nzuri, ikajenga viwanja na kufunga rada, itapanda sana kwa jumla. Wazungu wa Ulaya walikuja na swali jingine: tuonyesheni ndege hii hapa, nani aliikagua, lini, aliandika nini, na alichokiandika kilirekebishwa? Ni sawa na mwanafunzi aliyehifadhi nguzo zote za swala na kupata alama kamili darasani, halafu umkute msikitini anapita mbele ya watu wanaoswali. Mtihani wa kwanza haukuwa wa uongo, ila haukumuuliza hilo.

Najua kuna watakaosema hii ni njama ya Wazungu. Na wallahi sababu ya kuwashuku ipo, hao hao si ndio waliotuuzia rada kwa bei ya kuruka! Tena A220 tulizokatazwa kuzirusha kwao zinaundwa na kampuni yao wenyewe, Airbus, na mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi yake zilikaa chini kwa ubovu wa injini uliotoka huko kiwandani. Lakini tuwe waadilifu. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, iliwekwa kwenye orodha hiyo mwaka 2007. Walikasirika kama sisi. Kisha wakakaa chini, wakaongeza wakaguzi, wakasafisha, Garuda ikatolewa mwaka 2009, na mashirika yote yakatolewa mwaka 2018, miaka 11 baadaye. Pakistan ni funzo la namna nyingine: baada ya ndege ya PIA kuanguka Karachi mwaka 2020, waziri wao mwenyewe alisimama bungeni na kusema kuwa leseni nyingi za marubani zina mashaka. Ulaya ikawafungia, na marufuku ya PIA ikaondolewa mwaka 2024. Kule hakuna Mzungu aliyezusha, walisema wenyewe. Na ilikuwa afadhali waseme.

Tatizo letu kwa maoni yangu liko katika kiti cha muhtasibu, na lina sura mbili.

Kwanza ni watu. Rada unaweza kuinunua kwa mkataba mmoja na ukaifunga ndani ya miaka miwili. Mkaguzi wa ndege hanunuliwi. Ni mhandisi au rubani aliyekwisha kuwa na miaka ya kazi, aliyesomea aina ile ile ya ndege anayoikagua. Tulipokuwa na ndege moja ya panga boi, mkaguzi wa panga boi alitosha. Tulipoleta aina tano za ndege katika muda mfupi, kila aina ilihitaji watu wake, na watu hao hao ndio wanaotafutwa na mashirika ya Ghuba kwa mshahara ambao mamlaka ya umma ya Tanzania haiwezi kuuota. Jitihada zipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kimenunua ndege za mafunzo kwa fedha za Benki ya Dunia, na TCAA ina chuo chake cha siku nyingi Dar es Salaam. Lakini kijana anayeingia NIT leo hatakuwa mkaguzi kesho, na tulipokuwa tunahesabu ndege mpya kwa vigelegele hatukusikia mtu akihesabu wakaguzi.

Ya pili ndiyo nzito. Ndege za shirika la taifa ni mali ya serikali kupitia wakala wake wa ndege, na shirika linazikodi. Shirika ni la serikali. Viwanja ni vya serikali. Mkaguzi ni wa serikali. Wachunguzi wa ajali wamekuwa ndani ya wizara. Na TCAA yenyewe, mbali na kukagua, ndiyo inayotoa huduma ya kuongoza ndege, kwa hiyo katika sehemu hiyo inajikagua. Sisemi watu wake si waaminifu. Nasema mwenye uwanja, mwenye timu na mwenye filimbi wakiwa baba mmoja, refa anahitaji moyo wa ajabu kupuliza penalti. Mwaka 2008 alipuliza. Je, baada ya mabilioni yote haya kutumika na ndege kupokelewa kwa ngoma, ni rahisi kwa ofisa wa kawaida kusaini karatasi ya kuizuia? Shirika lenyewe limebanwa na hasara: ripoti za Mkaguzi Mkuu (CAG) zimeonyesha shilingi bilioni 35.24 mwaka 2021/22, bilioni 56.64 mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Shirika lenye hasara ya namna hiyo linaiona kila siku ya ndege kukaa chini kama moto. Ndiyo maana wanazuoni walioandika juu ya hisba walimtaka muhtasibu asipokee hata zawadi kutoka kwa watu wa soko.

Haya si mambo ya makaratasi. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyobeba watu 43 iliingia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka, wengi wakivutwa na wavuvi kwa mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilisema waokoaji wa serikali walichelewa na walipofika walikuwa na uhaba wa oksijeni na mafuta. Uwanja umekaa ufukweni, ndege zinashukia juu ya maji kila siku, na boti ya uokoaji haina mafuta! Kanuni ya kuwa na mpango wa uokoaji bila shaka ilikuwa imeandikwa mahali. Aliyepaswa kwenda kuitikisa tenki ya boti ile na kuona kama inalia tupu ndiye ninayemtafuta katika makala hii.

Na huku kwetu? Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya Ethiopian ikiwa na abiria zaidi ya 200 ilikuwa inakuja KIA. Njia ya kurukia ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyopata hitilafu. Ndege kubwa ikazunguka angani, na mwisho ikatua uwanja mdogo wa Arusha, wenye njia ya mita zipatazo 1,600, ikaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah. Watu wa Arusha walienda kuiangalia kama wanaenda maonyesho. Lakini tujiulize: uwanja wa kimataifa una njia moja, na kindege kimoja kikikwama katikati kaskazini yote inafungwa. Kukiondoa haraka kunahitaji vifaa na watu waliokwisha kufanya mazoezi, na hilo nalo ni la kukaguliwa kabla, si siku ya tukio.

Mlima wenyewe hausamehe. Mei 18, 1955, ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga mlima, watu wote 20 wakafa. Novemba 2008 ndege ndogo ilianguka Mawenzi na kuua watalii wanne wa Kitaliano. Na Desemba 24, 2025, helikopta iliyokwenda kuchukua wagonjwa ilianguka karibu na kambi ya Barafu, wakafariki watu watano, wakiwamo wageni, daktari na muongoza watalii. Kwenye urefu ule hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa nguvu na panga halishiki vizuri, kwa hiyo uzito wa kubeba na hali ya upepo vinapigiwa hesabu kila safari. Umeona tulivyorudi kwa al-Mawardi? Uzito wa chombo na ukali wa upepo. Ni mambo yale yale mawili.

Nije kwenye riziki. Kwa sheria ya Ulaya, anayemuuzia mteja safari anawajibika kumwambia ndege gani itambeba, na mteja akigundua ipo kwenye orodha ana haki ya kurudishiwa pesa zake. Kwa hiyo mwenye kampuni ya utalii Ujerumani au Uholanzi akiona safari ina kipande cha ndege ya 5H, kutoka Arusha kwenda Serengeti au kutoka KIA kwenda Zanzibar, anapata wasiwasi, na mwenye bima yake anapata wasiwasi zaidi. Wengine watabadilisha njia, wengine watabadilisha nchi. Wa kwanza kuhisi si mkurugenzi Dar es Salaam. Ni mgumu wa Machame anayesubiri getini kuitwa jina, mpishi wa mlimani, mama wa Marangu anayeuza ndizi na parachichi kwa kambi, dereva wa noah. Baba wa mwanafunzi wangu hajawahi kupanda ndege, lakini karatasi iliyosainiwa Brussels inaweza kumfikia mfukoni kabla haijamfikia abiria.

Na abiria naye asijione hana la kufanya. Mwaka fulani nilimsindikiza shangazi yangu aliyekuwa anakwenda umra. Alitakiwa aruke asubuhi akaungane na wenzake Dar. Asubuhi ikawa mchana, mchana ukawa usiku, hakuna tangazo, hakuna maji, na mtu wa kaunta akawa anatukwepa macho. Kundi likaondoka bila yeye; alifuata siku ya tatu kwa tiketi nyingine tuliyochangishana ukoo mzima. Nilipotaka kulalamika akanishika mkono: "Acha mwanangu, ni qadar." Nikamwambia, shangazi, qadar tumeikubali, lakini tiketi nayo ni mkataba, na Yule aliyetufundisha qadar ndiye aliyetuamrisha kutekeleza mikataba. Hatukujua wakati ule kuwa kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC), ambalo kazi yake ni kumsemea abiria. Lipo kwa mujibu wa sheria na kulifikia hakuhitaji wakili. Tunza tiketi, andika saa, andika jina la uliyezungumza naye, peleka. Ndani ya tiketi ile mna tozo ya huduma ya uwanja na tozo ya usalama, maana yake mshahara wa muhtasibu umeshaulipa.

Vikundi vyetu vya Hijja na umra navyo vina nafasi. Anayekusanya mahujaji 100 ni mteja mkubwa, na mteja mkubwa anaruhusiwa kuuliza ndege ni ya nani, cheti chake kinaisha lini, na ikikwama nani anawalaza wazee wetu. Tumezoea kuuliza umbali wa hoteli kutoka Haram tu.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na majibu haya, kwa ufupi zaidi. Kijana wa Machame alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile helikopta ya Barafu ripoti yake itasomwa wapi, kwani mmoja wa waliokuwa wakiteremka siku ile anafahamiana na baba yake. Nikamweleza kuwa utaratibu wa kimataifa unataka ripoti ya awali ndani ya siku 30 na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12, na kwamba ripoti ya ajali si ya kutafuta wa kufunga bali ya kujua kilichotokea. Akataka kujua kama itaandikwa kwa Kiswahili ili baba yake aisome. Hilo sikuwa na jibu lake. Nimeliandika kwenye barua, na barua nimeituma.